Mheshimiwa anavaa kwa ajili ya nani?

Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenye mkutano wa hadhara hapa mtaani kwetu Buhongwa. Ajenda ilikuwa moja tu, mtaro. Wanaoijua Mwanza wanajua jinsi nyumba zetu zilivyopandana na milima ya mawe, na jinsi mvua kubwa inavyoteremsha maji yakabeba kila yanachokikuta. Msimu ule maji yalikuwa yameingia katika nyumba kadhaa, na familia moja ililala kwa majirani siku mbili. Tukaambiwa kuwa kiongozi wetu wa kuchaguliwa atakuja kutusikiliza saa nne asubuhi.

Jirani yangu mmoja, mzee wa rika la baba yangu ambaye kazi yake ni kuuza dagaa, alifika saa tatu na nusu. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, koti jeusi na kofia. Mheshimiwa alifika saa sita kasoro dakika chache. Yeye alivaa jezi ya timu ya mpira ya Uingereza, pensi na ndala. Hakuomba radhi kwa kuchelewa. Alisema tu kuwa siku hiyo amekuja kama mtoto wa nyumbani, kwa hiyo tusiwekeane urasmi. Baadhi ya watu walicheka na kupiga makofi. Baada ya dakika ishirini akaondoka akisema ana dharura, na suala la mtaro akamwachia mtendaji.

Tulipokuwa tunarudi majumbani, mzee yule aliniambia: "Ustaadh, hii nguo huwa naitoa sandukuni Idi mbili na siku ya kuozesha. Leo nimeitoa kwa ajili ya mtaro." Hakuongeza neno lingine.

Ndugu msomaji, tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo watu wengi hulichukulia kuwa ni dogo. Je, ni wajibu wa kiongozi wa kisiasa kuvaa mavazi rasmi anapokuwa katika shughuli rasmi? Na kama ni wajibu, anamwia nani? Mwenyewe? Chama chake? Kiti anachokikalia? Au wale waliompeleka pale?

Suala lenyewe si geni nchini mwetu

Tarehe 1 Juni 2021, Mbunge wa Nyang'hwale mkoani Geita, Mheshimiwa Hussein Amar, alisimama Bungeni Dodoma kulalamikia mavazi ya baadhi ya wabunge wanawake. Alimtaja Mbunge wa Momba, Mheshimiwa Condester Sichalwe, ambaye siku hiyo alivaa blauzi ya njano na suruali nyeusi iliyodaiwa kuwa inabana. Spika wa wakati huo, marehemu Job Ndugai, alimtaka mbunge huyo atoke nje, akavae vizuri, kisha arudi. Akatoka mbele ya wenzake na mbele ya kamera. Wapo wabunge wanawake waliolikasirikia jambo hilo na kutaka mwenzao aombwe radhi. Kabla ya hapo, Septemba 2018, Spika huyohuyo aliwapiga marufuku wabunge kuingia ukumbini wakiwa na kope na kucha za bandia.

Mitaani nako watu waligawanyika. Katika vijiwe vya kahawa na hata baada ya swala, wengi wetu tulifurahi. Tulisema angalau leo Bunge limekumbuka haya. Wengine walisema nchi ina matatizo ya maji, ajira na dawa hospitalini, inakuwaje wawakilishi wa wananchi wapoteze muda kujadili suruali ya mtu?

Mimi sina nia ya kuipima suruali ile. Sikuwepo, na isitoshe macho yangu yana amri yake. Surat an-Nur, kabla haijawaambia waumini wanawake wajisitiri katika aya ya 31, imeanza katika aya ya 30 kuwaambia waumini wanaume wainamishe macho yao. Mpangilio huo una somo, nasi wanaume tumezoea kulisoma kwa kuanzia katikati. Ninachotaka kukitazama ni msingi wenyewe.

Makosa mawili yanayokabiliana

Kosa la kwanza ni la wanaosema nguo si kitu. Hoja yao ni kuwa mtu hupimwa kwa moyo na kazi yake, na hoja hiyo ina mashiko. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah (s.w.) haangalii sura zetu wala mali zetu, bali huangalia nyoyo zetu na matendo yetu. Lakini Mtume huyohuyo alipomwona mtu mwenye uwezo amevaa nguo chakavu, alimuuliza kama ana mali. Alipojibu kuwa anayo ya kila aina, akamwelekeza kuwa basi neema ya Allah na ionekane juu yake. Na katika Surat al-A'raf, aya ya 31, wanadamu wameamrishwa wachukue mapambo yao kila waendapo katika ibada. Kumbe moyo na nguo si maadui. Mtu anayeujali mkutano hujiandaa kwa ajili yake, na maandalizi hayo huanza kuonekana kabla hajafungua mdomo.

Iko pia habari mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Sayyidna Umar (r.a.) aliona vazi la hariri likiuzwa karibu na mlango wa msikiti. Akamshauri Mtume (s.a.w.) alinunue, awe analivaa siku ya Ijumaa na anapopokea ujumbe wa wageni. Mtume (s.a.w.) alilikataa vazi lile kwa sababu ya hariri yake. Hakumwambia Umar kwamba wazo la kuwa na nguo maalumu ya kupokelea wajumbe ni wazo baya. Wanazuoni wakachukua humo dalili kuwa kujipamba kwa ajili ya mikutano na wageni ni jambo linalokubalika, madhali nguo yenyewe ni halali.

Kosa la pili ni la wanaodhani nguo ndiyo heshima yenyewe. Kwa hawa, mtu akishafunga tai na kung'arisha viatu, hata akisinzia kikao kizima au akigonga meza kupitisha jambo asilolisoma, huyo ni mheshimiwa kamili. Qur'an imewaeleza watu wa aina hii katika Surat al-Munafiqun, aya ya 4. Ni watu ambao ukiwatazama miili yao inakupendeza na wakisema unawasikiliza, lakini ni mfano wa magogo yaliyoegemezwa ukutani. Gogo halidharauliki kwa sura. Tatizo lake ni kwamba halibebi paa, limeegemea tu.

Basi kama nguo si bure na wala si kila kitu, ni nini? Jibu ninaloliona ni kuwa nguo rasmi ni deni. Kiongozi anadaiwa nguo hiyo na watu ambao shughuli yao ndiyo inayofanyika. Mzee wa dagaa alilipa deni lake kwa mkutano wetu. Mheshimiwa hakulipa lake.

Ihramu na mapambo ya Qaruni

Ili tusichanganye mambo, tutazame mifano miwili tuliyonayo katika dini yetu. Mmoja ni wa nguo inayomshusha mtu akawa sawa na wenzake. Mwingine ni wa nguo inayomnyanyua juu ya wenzake.

Wa kwanza ni ihramu. Hakuna shughuli yenye sharti la vazi lililo wazi kuliko Hija. Mwanamume haruhusiwi kuingia katika ibada hiyo na shati lake, suti yake wala kofia yake ya cheo. Anavaa shuka mbili zisizoshonwa. Mfalme anavaa hizo, na mchukuzi wa mizigo anavaa hizo. Sharti hilo lina sifa tatu. Linajulikana kabla ya safari, hakuna anayeshtukizwa nalo akiwa Arafa. Ni moja kwa wakubwa na wadogo. Na maskini analimudu. Matokeo yake ni kwamba mtu anaacha kutazamwa yeye, na inatazamwa shughuli iliyowakusanya watu.

Mfano wa pili ni Qaruni. Surat al-Qasas, aya ya 79, inatusimulia kuwa aliwatokea watu wake akiwa katika mapambo yake, na wale wanaopenda maisha ya dunia wakatamani wangekuwa kama yeye. Qaruni naye alikuwa amevaa vizuri, pengine kuliko wote. Lakini vazi lake lilisema: nitazameni mimi. Mwisho wake tunaujua, ardhi ilimmeza pamoja na nyumba yake.

Kwa hiyo ninapotetea mavazi rasmi kwa wanasiasa, natetea yale yanayofanya kazi ya ihramu. Jaji anavaa joho ili mshitakiwa ajue kuwa anayemhukumu ni sheria, si fulani bin fulani. Spika naye ana joho lake. Mbunge aliyevaa kwa staha kama wenzake mia tatu na zaidi anatuambia kuwa leo hapa hazungumzi yeye na utajiri wake, wanazungumza watu wa jimbo lake. Lakini mbunge anayekuja na suti ambayo thamani yake ingenunua madawati ya darasa zima, na saa ya mkononi ya kumtoa mtu macho, hawezi kujitetea kuwa amefuata kanuni. Amefuata herufi za kanuni akiwa katika msafara wa Qaruni. Na yule wa jezi na ndala, pamoja na kudai kwamba ameshuka, naye alikuwa anasema nitazameni mimi. Alitaka tumpende kwa kuwa si kama viongozi wengine, wakati tulichokuwa tunakitaka kwake ni mtaro.

Vipi kuhusu viraka vya Umar?

Najua msomaji mwenye elimu ataniuliza: mbona Sayyidna Umar (r.a.) alipokwenda kupokea Baytul Maqdis alikuwa na nguo yenye viraka, na hakuona haja ya kujipamba mbele ya wakuu wa mji ule? Je, si dalili kuwa urasmi wa mavazi ni mambo ya kidunia?

Swali ni zuri, na jibu lake linaimarisha hoja. Viraka vya Umar vilikuwa hesabu. Vilikuwa vinawaambia raia kiasi gani cha mali yao kimebaki hazina na kiasi gani kimeingia mwilini mwa mtawala wao. Alivaa kwa ajili yao. Sasa tumlinganishe na kiongozi wa leo anayevaa ovyo katika kikao cha wananchi, lakini ukimkuta kwenye harusi ya mfanyabiashara mkubwa amependeza kuanzia kichwani hadi miguuni. Huyo hana viraka vya Umar. Huyo ana nguo za kutosha, ila ameamua ni nani anastahili kuvaliwa na nani hastahili. Katika orodha yake harusi iko juu na mtaro wetu uko chini. Hiyo ndiyo dharau. Na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu mtu anayependa nguo nzuri na viatu vizuri, alibainisha kuwa kupenda uzuri si kibri. Kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Hivyo mtu anaweza kuwa na kibri akiwa na suti, na anaweza kuwa nacho akiwa na ndala.

Tukumbuke vilevile kuwa Serikali ina miongozo ya mavazi kwa watumishi wa umma. Katika ofisi nyingi tunakuta mabango mlangoni yanayomwonyesha mwananchi nguo asizoruhusiwa kuingia nazo. Karani anabanwa na mwongozo, na mama aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mtoto anabanwa na bango. Haitakuwa uadilifu kiongozi wa kuchaguliwa, ambaye wote hao wanamwita mheshimiwa, awe peke yake asiyebanwa na kitu.

Urasmi ni wa kabila gani?

Hapa lipo tatizo lingine. Mara nyingi tukisema "vazi rasmi" tunakuwa tumeshaamua kimyakimya kuwa ni vazi la Mzungu. Tarehe 28 Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya asili ya Kiafrika ndani ya Bunge. Mwanamume akatakiwa koti, ukosi, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Ajabu ni kwamba suti ya Kaunda ndiyo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akionekana nayo mara kwa mara katika shughuli za kitaifa. Na vazi hilo limepewa jina la rais wa kwanza wa Zambia, mmoja wa waasisi wa uhuru wa Afrika! Miaka sitini baada ya uhuru, suti ya mpigania uhuru inakosa hadhi ya kuingia katika nyumba iliyopatikana kwa uhuru huo.

Jambo kama hilo lilitokea New Zealand Februari 2021. Mbunge wa jamii ya Wamaori, Rawiri Waititi, alitolewa ukumbini kwa kukosa tai. Alikuwa amevaa suti na kidani cha asili cha watu wake shingoni, akasisitiza kuwa hiyo ndiyo tai yake. Siku moja baadaye sharti la tai liliondolewa, na hatujasikia kuwa Bunge lile limeporomoka.

Sisi Tanzania katika hili tuna jambo la kushukuru. Mwalimu Nyerere na viongozi wa enzi zake walizoeleka kwa suti zisizo na tai, na hakuna aliyesema hawana heshima. Wabunge wetu huonekana ukumbini na kanzu, koti na kofia. Dada zetu wanaingia na hijabu zao, na mitandio na vitenge ni jambo la kawaida. Hiyo ni hikma, na tuitunze. Kipimo kiwe sitara, usafi na staha, na kila jamii ilete nguo yake yenye sifa hizo. Kanzu ya mzee wa dagaa ilikuwa rasmi kuliko suti nyingi nilizowahi kuziona.

Lakini tusijisifu kupita kiasi, kwani nasi tuna historia yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali iliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache lubega na wavae suruali, kana kwamba utu uko kwenye suruali. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ingeanza Januari 1, 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na vipodozi vya kujichubua. Nia ilielezwa kuwa ni kulinda utamaduni. Kilichoonekana mitaani Dar es Salaam ni vijana wa kiume kuwazingira na kuwadhalilisha wasichana vituoni. Nguo fupi hatuiungi mkono. Lakini kumvua mtu staha hadharani kwa madai ya kumfundisha staha ni kichekesho kichungu.

Fimbo ina ncha mbili

Nirudi kwa wale ndugu zangu, nikiwemo mimi, tuliofurahi mwaka 2021. Naomba tukumbuke jambo moja.

Tarehe 2 Mei 1999, mjini Ankara, Uturuki, mwanamke aitwaye Merve Kavakçı aliingia Bungeni kuapishwa. Alikuwa amechaguliwa na wananchi wa Istanbul. Alikuwa amevaa vizuri, kwa heshima, na kichwani alikuwa na hijabu. Wabunge wa upande wa pili wakaanza kupiga meza na kumpigia kelele atoke nje. Waziri Mkuu Bülent Ecevit akasimama kutaka mwanamke huyo aonyeshwe mipaka yake. Akaondoka bila kuapa, na mwezi huohuo akavuliwa uraia. Ilichukua mpaka tarehe 31 Oktoba 2013 kwa wabunge wanawake wa nchi hiyo kuingia ukumbini na hijabu bila kutolewa.

Wanawake wawili, nchi mbili, mmoja ameambiwa nguo yake imepungua na mwingine ameambiwa imezidi. Wote walichaguliwa, na wote waliambiwa watoke nje. Sisemi matukio haya yako sawa. Mheshimiwa Sichalwe aliambiwa akabadilishe arudi, wakati Kavakçı alifungiwa mlango kabisa. Wala sisemi hijabu na suruali ya kubana ni kitu kimoja mbele ya Allah (s.w.). Ninachosema ni kuwa nguvu iliyotumika ni ileile: mamlaka ya aliyekaa kitini kumtoa mjumbe kwa jinsi anavyoliona vazi lake. Tukiishangilia nguvu hiyo siku inapotupendeza, tutaipinga kwa hoja gani siku ikitugeukia? Muislamu ndiye wa kwanza anayepaswa kudai kuwa kanuni ya mavazi iandikwe, ijulikane mapema, iwe moja kwa wanaume na wanawake, na isitegemee ladha ya mtu mmoja. Kwa maneno mengine, ifanane na sharti la ihramu.

Kosa langu mwenyewe

Imebaki hoja ya adhabu, na hapa sina budi kujisema. Nilipoanza kazi ya ualimu, shule niliyokuwa nafundisha ilikuwa na sheria ya viatu vyeusi. Kijana mmoja wa kidato cha pili akaja na ndala siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nikamtoa darasani mbele ya wenzake, nikamwambia asirudi mpaka awe na viatu. Niliona nimefanya kazi yangu. Hakurudi kwa wiki mbili. Nilikuja kumkuta mwaloni akibeba matenga ya samaki. Ndipo nikajua kuwa yeye na mdogo wake walikuwa wanapokezana jozi moja ya viatu, na jozi ile ilikuwa imekatika. Nilimnunulia vingine vya mtumba Mlango Mmoja, na bei yake haikunitisha. Alirudi darasani, alhamdulillah, lakini masomo ya wiki zile mbili hayakurudi, na tangu hapo hakuwahi kuninyooshea mkono kuuliza swali.

Sheria ya viatu haikuwa mbaya. Aliyekosea ni mimi. Sare iliwekwa kwa ajili ya somo, nami nikalitoa somo kafara ili kuilinda sare.

Mbunge si mtoto maskini wa shule, na nguo anazo. Lakini kosa linafanana. Anapotolewa ukumbini, kiti kinachobaki wazi ni cha watu wa jimbo lake. Watu wa Momba hawakuvaa suruali ile. Kama siku hiyo lingejadiliwa soko lao au barabara yao, wao ndio wangekosa msemaji.

Mtume (s.a.w.) ametuachia mfano ulio bora zaidi. Bedui mmoja alikojoa ndani ya msikiti wake. Hakuna uvunjaji wa heshima ya mahali unaozidi huo. Masahaba wakamkemea, Mtume akawazuia mpaka bwana yule akamaliza. Kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale, na akamfundisha kwa upole kuwa misikiti haikuwekwa kwa ajili hiyo. Heshima ya msikiti ililindwa, najisi ikaondoka, na mtu akabaki. Bunge lina Mpambe na lina maofisa mlangoni. Neno la pembeni kabla mjumbe hajaingia lingetosha. Akikaidi kwa makusudi, kanuni zina adhabu zinazomgusa yeye mwenyewe, bila kuwanyang'anya wananchi sauti yao.

Hitimisho

Kwa muhtasari, jibu langu ni ndiyo. Mwanasiasa anapaswa kuvaa rasmi katika shughuli rasmi, kuanzia Bunge la Dodoma hadi mkutano wa mtaa chini ya mwembe, kwa sababu ni deni lake kwa watu. Deni hilo halichagui kati ya tai na kanzu, linadai sitara, usafi na staha. Halilipwi kwa anasa. Lisidaiwe kwa kumdhalilisha mtu wala kwa kuwafunga midomo waliomchagua. Na hata likilipwa, halifuti deni kubwa zaidi, yaani kazi. Surat al-A'raf, aya ya 26, baada ya kutaja nguo za kusitiri tupu na nguo za pambo, imetaja vazi la ucha-Mungu kuwa ndilo bora. Hazikukataliwa zile za mwanzo. Zimewekewa mkubwa wao.

Nasi wapiga kura tuna sehemu yetu. Siku ile tulipompigia makofi mheshimiwa kwa kutuambia tusiwekeane urasmi, tulikuwa tunamsamehe deni ambalo hata halikuwa la kwetu peke yetu. Lilikuwa pia la wale ambao nyumba zao ziliingia maji, na la mzee aliyefungua sanduku lake.

Mtaro ulichimbwa baadaye, nusu yake. Nusu nyingine bado inasubiri kikao kingine. Mzee yupo, dagaa anauza, na kanzu iko sandukuni. Akiitoa tena kwa ajili ya mtaro, namuomba Allah (s.w.) akutane na mtu aliyejiandaa kama yeye.

Wabillahi tawfiq.